Maji na Mkondo: Uhakiki wa Nadharia za Makazi, Mtiririko na Jumuiya za Samaki katika Mito Mikubwa kwa Kurejelea Mto Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nadharia nne ambazo tangu mwaka 1980 zimetawala maelezo ya jinsi makazi na mtiririko wa maji vinavyounda jumuiya za samaki katika mito mikubwa. Nadharia hizo ni Mwendelezo wa Mto, Mpigo wa Mafuriko, Uzalishaji wa Mtoni na Mtiririko Asilia. Uhakiki umefanywa kwa kurejelea Mto Rufiji nchini Tanzania, ambao uwanda wake wa mafuriko na maziwa yake sasa viko chini ya bwawa kubwa la kuzalisha umeme. Hoja kuu ni kwamba nadharia hizi, pamoja na ubora wake, zimetumiwa kwa namna inayotenganisha makazi na mtiririko kana kwamba ni vigezo viwili vinavyojitegemea, ilhali katika mto wenye uwanda wa mafuriko mtiririko ndio unaojenga makazi, na makazi ndiyo yanayoamua maji yatafika wapi. Kosa hilo la kimantiki linapohamishiwa katika kanuni za kuachia maji bwawani, linaweza kuhalalisha kiasi cha maji ambacho kwenye karatasi kinatosha, lakini mtoni hakimfikii samaki.

1.0 Utangulizi

Mto Rufiji huanza pale Mto Kilombero unapokutana na Mto Luwegu, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu kabla ya kupita katika korongo la Stiegler. Bonde lake lote lina ukubwa wa takribani kilometa za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero. Baada ya korongo, mto hutanuka, hupoteza kasi na kuingia katika uwanda wa mafuriko wenye mfululizo wa maziwa, yakiwamo Tagalala, Manze, Nzerakera, Mtanza, Zumbi, Utunge, Ruwe na Uba. Mwisho wake ni delta yenye msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Kwa wakazi wa uwanda huo, mafuriko ni kalenda. Mpunga hupandwa yakisubiriwa maji ya masika; maji yakishapungua, mazao ya mlao hupandwa katika udongo wenye unyevu; na uvuvi wa maziwani hupanda na kushuka kulingana na mwaka ulivyokuwa. Dola, kwa upande wake, imeyatazama mafuriko hayo kwa jicho tofauti. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji ya mwaka 1969 iliwahamisha watu wengi kutoka uwandani na kuwapeleka kwenye miinuko, kwa msingi kwamba mafuriko ni maafa ya kukimbiwa. Mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, na wazo la kuziba korongo la Stiegler likawekwa mbele. Wazo hilo limetimia katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo uliosanifiwa wa megawati 2,115, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022.

Kwa hiyo swali la nini kinaunda jumuiya za samaki katika mto mkubwa si la kitaaluma peke yake hapa. Anayeamua kiasi, wakati na muda wa maji kuachiwa hufanya hivyo kwa kutegemea, kwa kujua au kutojua, nadharia fulani ya mto. Makala haya yanachunguza nadharia hizo zinasema nini, zimezaliwa wapi, zinapungukiwa wapi, na upungufu huo una gharama gani.

2.0 Nadharia Nne na Madai Yake

Nadharia ya Mwendelezo wa Mto iliasisiwa na Vannote na wenzake (1980). Kwa mujibu wao, mto ni mfumo mmoja unaobadilika polepole kutoka chemchemi hadi mdomoni. Vijito vya juu, vilivyofunikwa na kivuli cha miti, hulishwa na majani yaangukayo. Sehemu za kati, zenye mwanga wa kutosha, huzalisha mwani. Na sehemu za chini, zilizo pana na zenye tope, hutegemea chembechembe zinazosukumwa kutoka juu. Viumbe hujipanga kwa kufuata mpangilio huo. Ward na Stanford (1983) waliongeza kwamba bwawa hukata mwendelezo huo, na kwamba ukubwa wa madhara hutegemea mahali lilipojengwa.

Nadharia ya Mpigo wa Mafuriko ya Junk, Bayley na Sparks (1989) iligeuza mwelekeo wa macho. Badala ya kutazama mto kwa urefu, iliutazama kwa upana. Katika mito mikubwa yenye uwanda wa mafuriko, chakula kingi cha viumbe hakitoki juu ya mto, bali huzalishwa katika ukanda wa mpito baina ya maji na nchi kavu, ambao hufunikwa na kufunuliwa kila mwaka. Mkondo mkuu, kwa samaki walio wengi, ni njia ya kupitia zaidi kuliko mahali pa kuishi.

Nadharia ya Uzalishaji wa Mtoni ya Thorp na Delong (1994) ilizuka kama pingamizi kwa zote mbili. Waasisi wake, wakirejelea mito ambayo mkondo wake umebanwa kama Ohio, walidai kuwa mwani unaoota mtoni na mabaki yanayoingia moja kwa moja kutoka kingoni yana mchango mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2002 waliipanua hoja yao ihusu pia mito yenye uwanda wa mafuriko.

Nadharia ya nne, Mtiririko Asilia, iliwekwa bayana na Poff na wenzake (1997). Hii inashughulika zaidi na mwenendo wa maji kuliko chimbuko la chakula. Inautambua mwenendo huo kwa sifa tano: kiasi cha maji, marudio ya matukio, muda wake, majira yake, na kasi ya kupanda au kushuka. Viumbe vya mto vimezoea sifa hizo kwa vizazi vingi, na kuharibu mojawapo ni kuharibu maisha yaliyojengwa juu yake.

Ikumbukwe kwamba nadharia hizi hazishindani katika uwanja mmoja. Tatu za kwanza zinajibu swali la chakula cha samaki kinatoka wapi. Ya nne inajibu swali la maji yaje vipi ili samaki aishi. Tafiti nyingi zimeziweka katika orodha moja na kuuliza ipi ni sahihi, jambo ambalo limezaa mabishano marefu yasiyo na mshindi.

3.0 Uhakiki wa Nadharia

3.1 Chimbuko na Mipaka ya Kimazingira

Mwendelezo wa Mto ulitokana na vijito vya misitu ya Amerika ya Kaskazini, penye majira ya baridi na majani yanayopukutika kwa pamoja. Udhaifu wake kwa Rufiji ni dhahiri. Mito ya bonde hili haianzi yote katika misitu na kuishia katika uwanda. Ruaha Mkuu na Kilombero zote hupitia ardhioevu pana zikiwa bado mbali na bahari, Ruaha Mkuu katika Usangu na Kilombero katika bonde lake. Mto unaotanuka, ukabanwa korongoni, kisha ukatanuka tena hauwezi kuelezwa kama mteremko mmoja wa polepole. Ni mfululizo wa shanga, na kila shanga ina samaki wake na sheria zake.

Mpigo wa Mafuriko unaufaa zaidi Rufiji, lakini nao una mahali ulikozaliwa. Nguvu yake kubwa ilitokana na Amazoni, ambako maji karibu na Manaus hupanda na kushuka kwa takribani meta 10 kwa mwaka, mara moja, kwa utaratibu unaotabirika. Mpigo wa namna hiyo ni kama wa moyo wa mtu mwenye afya: haukosi, na wakati wake unajulikana. Rufiji haiko hivyo. Kilele chake huwa zaidi Aprili, lakini kuna miaka ambayo mto haufuriki vya kutosha kuyafikia maziwa ya mbali, na kuna miaka, kama 1968 na 1998, ambayo uwanda mzima huwa bahari. Nadharia inayodai kwamba samaki wamejenga maisha yao juu ya mpigo unaotabirika inahitaji kueleza samaki wanaishije mahali ambapo mpigo hukosekana.

Jibu linapatikana kwa kuzitazama spishi moja moja. Kambare, *Clarias gariepinus*, huzaa maji mapya yanapofunika majani, na akiwa na kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa, hustahimili madimbwi yasiyo na oksijeni. Perege wa Rufiji, *Oreochromis urolepis*, hatagi mayai mengi, lakini huyaatamia kinywani na kuwalinda vifaranga, hivyo anaweza kuendelea kuzaa ziwani hata mwaka usio na mafuriko. *Citharinus congicus*, kinyume chake, huhitaji safari kati ya mto na uwanda. *Hydrocynus tanzaniae*, mwindaji mwenye meno makali wa mito ya mashariki mwa Tanzania, huwinda katika maji ya wazi. Welcomme (1979) alikwisha kuonesha kwamba samaki wa mito ya mafuriko hugawanyika kati ya wale wanaorejea mkondoni maji yanaposhuka na wale wanaobaki uwandani kuvumilia kiangazi. Mgawanyo huo unafafanua Rufiji vizuri zaidi kuliko dhana ya jumuiya moja inayofuata mpigo mmoja. Mwaka wa mafuriko huwapa nafasi wasafiri. Mwaka wa ukame huwapa nafasi wavumilivu. Utajiri wa spishi hutokana na kupishana kwa miaka hiyo miwili, wala si na mafuriko peke yake.

Kuhusu Uzalishaji wa Mtoni, ni haki kukiri kwamba hoja yake ya mwani imepata ushahidi hata mahali ambapo wapinzani wake hawakutarajia. Lewis na wenzake (2001) walionesha kuwa katika uwanda wa mafuriko wa Orinoco, mwani, ingawa ni sehemu ndogo ya mimea yote, ndio unaobeba sehemu kubwa ya mnyororo wa chakula cha samaki. Hata hivyo, ushahidi huo hauubomoi Mpigo wa Mafuriko kama inavyodaiwa. Mwani huo huota katika maji yaliyotulia, yenye mwanga, yaliyoachwa uwandani na mafuriko. Mafuriko yanaweza kuwa si mpishi, lakini ndiyo yanayoleta sufuria.

3.2 Kutenganishwa kwa Makazi na Mtiririko

Upungufu mkubwa zaidi hauko ndani ya nadharia zenyewe bali katika namna zinavyopimwa. Tafiti nyingi za samaki wa mitoni huandaa jedwali lenye safu mbili za vigezo. Safu moja ni ya makazi: kina, aina ya sakafu, mimea, magogo yaliyozama, umbali kutoka mkondo mkuu. Nyingine ni ya mtiririko: kiasi cha maji kwa sekunde, kasi, kimo. Kisha hesabu za takwimu hutumika kugawa uzito: makazi yanaeleza sehemu hii ya tofauti kati ya jumuiya za samaki, mtiririko unaeleza sehemu ile.

Mgawanyo huo unachukulia kwamba vigezo vya safu moja vingeweza kubadilika bila vya safu nyingine kuguswa. Katika mto uliojengewa kingo za saruji, dhana hiyo inaweza kukubalika kwa muda. Katika mto unaopita juu ya mashapo yake wenyewe, haikubaliki. Waswahili husema maji hufuata mkondo. Kwa mtazamo wa siku moja, usemi huo ni kweli: kisima kirefu, mwalo na mdomo wa ziwa huamua maji yaende wapi. Kwa mtazamo wa miaka hamsini, mkondo ndio unaofuata maji. Maziwa ya Rufiji yenyewe ni mabaki ya kazi ya mto: mikondo iliyoachwa na midomo ya vijito iliyozibwa na mashapo. Katika delta, sehemu kubwa ya maji ilihamia matawi ya kaskazini katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Anayepima kina cha ziwa leo anapima mafuriko ya jana.

Matokeo ya kosa hili si madogo. Utafiti ukionesha kwamba makazi yanaeleza sehemu kubwa ya tofauti na mtiririko sehemu ndogo, msomaji wa haraka atahitimisha kwamba maji yanaweza kupunguzwa mradi makazi yahifadhiwe. Hitimisho hilo linakata tawi lililokaliwa na makazi hayo. Mtiririko ulionekana dhaifu katika hesabu kwa sababu athari yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa upande wa makazi.

Hapa ndipo hoja ya Poff na wenzake inapostahili kuongezewa. Mtiririko wenye sifa zote tano hautoshi kama haukubeba mashapo. Bwawa huyatega mashapo, na maji yanayotoka chini yake yakiwa safi huchimba sakafu ya mto. Mkondo ukishuka, kimo cha maji kwa kiasi kilekile cha mtiririko hushuka pia, na mlango wa ziwa uliokuwa ukifunguka hubaki juu, mkavu. Kwa maneno mengine, kiasi cha maji kilichotosha kuunganisha ziwa na mto kabla ya bwawa kinaweza kisitoshe miaka ishirini baadaye, hata kama hakuna lita moja iliyopunguzwa.

3.3 Tatizo la Kumhesabu Samaki

Nadharia za mito mikubwa hutegemea data ambazo ni vigumu kuzipata. Mto wenye tope, kina na kasi hauruhusu kuona, na njia zinazofaa vijitoni, kama kuwapumbaza samaki kwa umeme, hupoteza nguvu katika kina kirefu. Hivyo watafiti hutegemea nyavu, ndoana, mitego na samaki wanaoletwa na wavuvi. Kila zana ina upendeleo wake. Wavu wa jarife humnasa anayesafiri na kumwacha anayejificha. Mtego wa kusuka humpata anayetafuta kificho.

Tatizo la pili ni la majira. Tafiti nyingi hufanyika kiangazi, barabara zinapopitika na maji yanapokuwa yametulia. Huo ni wakati ambao samaki wamebanwa katika vipande vilivyotengana, na kila kipande kina sura yake. Haishangazi kwamba data za kiangazi huonesha nguvu ya makazi. Kama uchunguzi ungefanywa Aprili, wakati mto na maziwa ni maji mamoja, tofauti kati ya kituo na kituo zingekuwa ndogo na mtiririko ungeonekana kuwa ndio mtawala. Ubishi kati ya makazi na mtiririko, kwa kiasi fulani, ni ubishi kati ya miezi.

Tatizo la tatu ni tafsiri ya mavuno. Maji yanapopanda, samaki husambaa katika eneo kubwa, na mavuno kwa kila wavu hushuka hata kama idadi ya samaki inaongezeka. Maji yanaposhuka, samaki hukusanyika na mavuno hupanda, ingawa wengi wanakufa. Anayelinganisha kimo cha maji na mavuno ya mwezi uleule anaweza kuhitimisha kwamba mafuriko yanapunguza samaki. Ndiyo maana Welcomme alisisitiza kulinganisha mavuno na mafuriko ya miaka iliyotangulia, kwa kuwa kifaranga aliyezaliwa uwandani huhitaji muda kabla ya kufikia tundu la wavu. Mfululizo mfupi wa data, kama ule wa mradi wa miaka miwili au mitatu, hauwezi kuuona uhusiano huo.

4.0 Maandishi Kuhusu Rufiji

Kwa kuzingatia upungufu huo, maandishi kuhusu Rufiji yana thamani isiyotambuliwa vya kutosha. Duvail na Hamerlynck (2007) waliuliza kama mafuriko ya Rufiji ni balaa au baraka, na kwa kuyatazama kupitia riziki za wakulima na wavuvi, walipinga mtazamo uliozaa Operesheni Rufiji. Hamerlynck na wenzake (2011) wakalipeleka swali maziwani: kuunganishwa na mto au kutounganishwa kunamaanisha nini kwa samaki na kwa mvuvi?

Ubora wa swali hilo la pili ni kwamba linavuka mgawanyo wa makazi na mtiririko bila kelele za kinadharia. Muunganiko wa ziwa na mto si sifa ya ziwa peke yake wala ya mtiririko peke yake. Ni tukio linalotokea pale kimo cha maji kinapozidi kimo cha mlango. Kila ziwa lina kizingiti chake. Lililo karibu na lenye mlango wa chini huunganishwa karibu kila mwaka. Lililo mbali husubiri mwaka mkubwa. Kwa hiyo maziwa ya Rufiji si nakala za makazi mamoja, bali ni ngazi ya vizingiti, na jumuiya za samaki zinaweza kusomwa kama kumbukumbu ya lini kila kizingiti kilivukwa mara ya mwisho.

Jambo lingine la kusifiwa ni nafasi iliyopewa maarifa ya wenyeji. Mvuvi wa Rufiji hahami kutoka ziwa moja kwenda jingine kwa kubahatisha. Huhama kwa kusoma maji. Watafiti hao walitoka na uzoefu wa delta ya Mto Senegali upande wa Mauritania, ambako mafuriko ya kupangwa katika Hifadhi ya Taifa ya Diawling, kuanzia miaka ya 1990, yalirejesha sehemu ya uhai uliopotea baada ya kujengwa kwa mabwawa ya Diama na Manantali. Uzoefu huo unaeleza kwa nini maandishi yao hayaishii katika maombolezo.

Hata hivyo, uhakiki hauna budi kutaja mapengo mawili. Kwanza, mkazo umewekwa katika maziwa ya uwandani, na mkondo mkuu wenyewe umebaki kama njia tupu, kwa kufuata mno tamko la Junk na wenzake. Lakini mkondo una mashimo ya kina, michanga na magogo, na ndiko wasafiri hujihifadhi kiangazi. Mikunga, ambao huzaliwa baharini na kupanda mitoni kukua, huuhitaji wote kwa urefu wake, na kwao korongo lililozibwa ni swali tofauti kabisa na la ziwa lililokatika. Pili, sehemu ya juu ya bonde imesomwa kana kwamba ni ya mto mwingine. Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kutokana na matumizi ya maji huko Usangu, ni jaribio la wazi la kile kinachotokea mtiririko unapokoma: samaki, mamba na viboko hujazana katika madimbwi machache, oksijeni hupungua, na makazi yanayoonekana kuwa yapo hugeuka mtego. Masomo ya Usangu na masomo ya uwanda wa chini hayajawekwa meza moja.

5.0 Kutoka Nadharia hadi Lango la Bwawa

Nadharia hufika bwawani ikiwa imegeuzwa kuwa namba. Namba inayopendwa zaidi na wasimamizi wa maji ni wastani wa mwezi, kwa kuwa ni rahisi kuupanga na kuukagua. Mfano wa kufikirika unatosha kuonesha udhaifu wake. Chukulia kwamba wastani unaotakiwa ni meta za ujazo 1,000 kwa sekunde kwa mwezi wa siku 30. Njia ya kwanza ni kuachia 1,000 kila siku. Njia ya pili ni kuachia 700 kwa siku 20 na 1,600 kwa siku 10. Wastani ni uleule. Kama kizingiti cha ziwa ni 1,500, njia ya kwanza haiufungui mlango hata siku moja. Ya pili huufungua kwa siku kumi. Mkaguzi atazipitisha zote mbili, lakini samaki atapata nafasi katika moja tu.

Siku kumi nazo si jibu kamili. Mafuriko yanayoshuka ghafla huwaacha vifaranga na viota vya perege vikiwa wazi, na humnasa msafiri kabla hajarejea mkondoni. Hapo sifa ya tano ya Poff na wenzake, kasi ya kupanda na kushuka, inapata uzito wake wote. Mitambo inayofuata mahitaji ya umeme ya jioni na asubuhi inaweza kupandisha na kushusha mto kila siku, mpigo wa haraka usio na mfano katika historia ya samaki hao. Poff na Zimmerman (2010), katika mapitio ya maandishi 165, walibaini kwamba samaki walipungua mtiririko ulipopunguzwa na pia ulipoongezwa. Maji mengi ya kiangazi, kwa hiyo, hayafidii mafuriko yaliyopotea.

Afrika ina mifano ya kujifunza. Bwawa la Itezhi-Tezhi katika Mto Kafue nchini Zambia, lililokamilika miaka ya 1970, lilijengwa likiwa na akiba ya ziada ya maji ya kuachiwa mwezi Machi ili nyanda za chini zifurike. Dhamira ilikuwa njema, lakini ilikuwa dhamira ya kiasi; umbo la mafuriko lilibadilika, baadhi ya maeneo yakibaki na maji muda mrefu na mengine yakikosa. Katika Mto Pongola nchini Afrika Kusini, maji ya bwawa la Pongolapoort yaliachiwa kwanza kwa maamuzi ya wahandisi, na baadaye, katika miaka ya 1980, kamati za maji za wenyeji zikapata sauti katika majadiliano ya wakati wa mafuriko. Funzo la Pongola ni kwamba tarehe ya kuachia maji ni suala la kisiasa kama lilivyo la kibiolojia, kwa sababu mkulima na mvuvi hawaombi maji siku moja. Katika Rufiji, ambako mtu yuleyule mara nyingi ni mkulima wa mlao na mvuvi wa ziwani, ubishi huo unaweza kusuluhishwa ndani ya kaya moja kwa busara kuliko katika ofisi iliyo mbali.

Yanayopendekezwa na uhakiki huu yanafuata kutoka katika hoja zilizotangulia. Kanuni za kuachia maji ziandikwe kwa vizingiti vya maziwa yanayotajwa kwa majina, si kwa wastani wa mwezi. Vizingiti hivyo vipimwe upya kila baada ya miaka michache, kwa kuwa sakafu ya mto itashuka. Miaka isifanane: uwepo mwaka wa kuunganisha maziwa ya karibu na, mvua ikiruhusu, mwaka wa kuyafikia ya mbali. Kushuka kwa maji kupewe ukomo wa kasi. Ufuatiliaji wa samaki ufanyike masika na kiangazi, na mavuno yalinganishwe na mafuriko yaliyopita. Aidha, delta isihesabiwe kama mabaki: mikoko na kamba wa Rufiji, ambao ni nguzo ya uvuvi wa kamba nchini, hutegemea maji baridi na mashapo yaleyale.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Mwendelezo wa Mto, Mpigo wa Mafuriko, Uzalishaji wa Mtoni na Mtiririko Asilia kila moja imeangaza upande mmoja wa mto mkubwa. Kwa Rufiji, Mpigo wa Mafuriko ndio unaokaribia ukweli zaidi, mradi dhana ya mpigo unaotabirika ibadilishwe kwa dhana ya miaka inayopishana na maziwa yenye vizingiti tofauti. Imebainishwa pia kwamba ubishi wa makazi dhidi ya mtiririko umekuzwa na mbinu za utafiti: jedwali linalovitenganisha, msimu unaopendelea kimoja, na mavuno yanayosomwa kabla ya wakati wake.

Mwaka 1969 watu walihamishwa kwa sababu mafuriko yalieleweka kama maafa tu. Nusu karne baadaye, uwezo wa kuyazuia mafuriko hayo umepatikana, na kosa la tafsiri sasa haliwezi kusahihishwa na mto wenyewe kwa kufurika mwaka unaofuata. Nadharia ya samaki wa Rufiji imekuwa sehemu ya mitambo ya lango. Ikiandikwa vibaya, ziwa litakalokatika halitajaa tena kwa wastani, na mvuvi atakayelikuta tupu hatakuwa na ushahidi, kwa kuwa vitabu vya bwawa vitaonesha kwamba maji yote aliyostahili alikwisha kupewa.